Dawa ya kuongeza damu: kwa nini daktari anapima kwanza

Mtoto akipauka kidogo, wengi wetu hapa mjini tunakwenda moja kwa moja duka la dawa: "Nipe ya kuongeza damu." Ni tamu, ni nyekundu, nani ataiogopa?

Daktari wa kituo cha afya akisema amtoboe kidole kwanza, si uchoyo wa dawa. Januari 2006 jarida la madaktari la The Lancet, la London, lilitoa utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu, Pemba, kwa watoto zaidi ya 24,000 wa chini ya miaka mitatu. Waliopewa madini ya chuma na foliki kila siku bila kuchaguliwa nani anayahitaji, walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Sehemu hiyo ilikuwa imeshasimamishwa tangu Agosti 2003. Malaria wakati huo ilikuwa kali visiwani. Lakini waliopimwa wakakutwa wana upungufu kweli, dawa iliwafaa.

Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likashauri tahadhari kwenye maeneo ya malaria nyingi.

Tatizo ni safari ya habari yenyewe. Majarida haya ni ya Kiingereza, na daktari mwenye foleni hadi mlangoni atayasoma saa ngapi? Kwa hiyo muulize bila haya: "Daktari, damu yake ni ngapi? Malaria amepimwa?" Na ile chupa iliyo kabatini, nenda nayo.