Hongo, Ushuru na Maksi: Mali ya Mpita Njia Katika Mgunda Mkali

  

Anayesafiri kwa reli kutoka Dodoma kwenda Tabora hupita Manyoni na Itigi, katika mkoa wa Singida. Vichaka vile vya miiba anavyoviona dirishani wazee wetu wafanyabiashara waliviita Mgunda Mkali. Kila msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe kwa njia ya kati ulivuka kwanza Ugogo, kisha ukaingia pori hilo. Na katika njia hiyo neno hongo lilikuwa na maana isiyokuwa ya leo.

Hongo haikuwa rushwa ya kupenyezwa chini ya meza. Ilikuwa ni malipo ya kupita, yakitolewa hadharani kwa mtemi wa nchi: merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Burton alilipa mwaka 1857, Stanley akalipa mwaka 1871, na wote wawili wakalalamika sana katika vitabu vyao. Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi nao walilipa. Taabu kubwa haikuwa kile kitambaa, bali wingi wa watemi: umemaliza na huyu, kesho wa pili anakungoja, na huku wapagazi wanakula posho. Upande wa Ukimbu, Nyungu ya Mawe alizishika njia kwa nguvu ya silaha mpaka alipofariki mwaka 1884.

Sasa mas-ala yetu ni haya: mali ile ilikuwa halali kwa aliyeipokea? Na Muislamu aliyeitoa ana dhambi?

Twaanza na asili. Neno letu ushuru ni la Kiarabu, na linatokana na fungu la kumi. Aliyeupanga ni Sayyidna Umar (r.a.): Muislamu robo ya fungu la kumi, nayo ni Zaka yake ya biashara, dhimiy nusu ya fungu la kumi, na mfanyabiashara wa nchi ya vita fungu la kumi kamili, kwa kuwa hivyo ndivyo Waislamu walivyotozwa kwao. Abu Yusuf katika Kitabul-Kharaj amesimulia habari ya Ziyad bin Hudayr, mtoza ushuru wa Umar. Alipitiwa na Mkristo wa Bani Taghlib mwenye farasi wa thamani ya dirham 20,000, akamtoza 1,000. Mtu yule aliporudi mwaka ule ule, Ziyad akamtaka alipe tena. Akafunga safari mpaka kwa Umar kushitaki, na amri ikaandikwa kwamba asitozwe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Tazama, ndugu msomaji: mshitaki si Muislamu, mshitakiwa ni mtumishi wa Khalifa, na haki ikaenda kwa mwenye farasi.

Mafaqihi wa Kihanafi wakaieleza sababu: mtawala huchukua kwa kuwa analinda. Mali iliyo njiani iko katika himaya yake, na pasipo himaya hana cha kudai. Kwa Imam Malik kuna ziada inayotugusa zaidi: dhimiy hutozwa kwa alichokiuza, akiondoka na bidhaa zake bila ya kuuza, hatozwi. Hii ndiyo mali ya kupita tu, ambayo wakubwa wa Ulaya waliigombania karne nyingi baadaye.

Ama maksi, yaani kutoza watu bila ya haki, ni katika madhambi makubwa. Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alipotaka kuonyesha ukubwa wa toba ya yule mwanamke wa Ghamid, aliipigia mfano wa mtoza maksi.

Kwa mizani hiyo hongo haina hukumu moja. Ugogo ni nchi kavu. Visima vilichimbwa na wenyeji, na msafara wa mamia ya watu na punda uliweza kuvikausha. Mtemi aliyetoa maji na usalama, akalipwa kadiri ya mfano wake, tunaona ni ujira. Nasi wanafunzi wa Minhaj tunakumbuka mlango wa Hija: Imam Nawawi hamwajibishi Hija mwenye kuchelea mvizia njia ikiwa hakuna njia nyingine, lakini malipo ya mlinzi wa msafara anayahesabu kuwa yanalazimu. Basi mlinzi na mvizia njia si kitu kimoja, hata kama wote wawili wanapokea kitambaa kile kile. Na aliyelipa kwa kudhulumiwa ili aokoe mali yake, jamhuri ya wanazuoni wamesema dhambi ni ya mpokeaji.

Pwani nako kulikuwa na mzozo wake. Sayyid Said alikwisha kubali katika mkataba wake na Wamarekani wa 1833 kutoza 5% tu kwa bidhaa zinazoshushwa. Mwaka 1885 mkutano wa Berlin ukazuia ushuru wa kupita katika bonde la Kongo na nchi za mashariki yake, isipokuwa dola kama ya Zanzibar ingefungwa kwa ridhaa yake tu. Lakini Aprili 1888 Sayyid Khalifa akaikodisha kampuni ya Wajerumani forodha za mrima kwa miaka 50. Walipokuja kuzishika mwezi wa Agosti, pwani ikawaka, na Abushiri bin Salim akanyongwa Desemba 1889. Wajerumani wakaingia bara, wakajenga boma Kilimatinde, ukingoni mwa Mgunda Mkali, na hongo ikakoma. Kodi ya nyumba ikaja mwaka 1898.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzozo ulipanda garimoshi. Kwa mapatano ya 15 Machi 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji viwanja bandarini Dar es Salaam na Kigoma, kwa faranga moja kwa mwaka, milele, na mizigo yao ya Kongo na Ruanda-Urundi ikapita bila ya ushuru. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alilikataa hilo la milele: mwenye amana ya muda hana uwezo wa kuifunga nchi daima. Mfaqihi ataitambua hoja hii, kwani msimamizi wa mali ya yatima haiachi bure.

Limebaki swali ambalo maimamu huulizwa na wenye maduka: ushuru wa forodha unatosha kuwa Zaka? Kuna wanaonuia hivyo wanapolipa. Ibn Hajar al-Haytami amewakemea vikali katika az-Zawajir, na Sheikh Qaradawi katika zama zetu amesema kodi haishiki nafasi ya Zaka, ijapokuwa dola inaweza kutoza kodi ya haki kwa haja ya umma. Basi mwaka ukitimia, mwenye duka wa Manyoni au Singida mjini ahesabu bidhaa zilizopo kwa bei ya siku hiyo pamoja na fedha yake, na ikifika nisabu atoe 2.5%. Alicholipa forodhani kimekwisha toka mkononi mwake, hakiingii katika mali anayoihesabu, wala hakikatwi katika Zaka anayodaiwa.