Chati Imetoweka, Hesabu Ipo

Ndugu wafanyakazi, chati ni silaha katika mazungumzo ya mishahara. Mstari mmoja ni ujira, wa pili ni makato, na hata ndugu asiyejua kusoma huliona pengo. Basi, asubuhi ya mazungumzo karani anafungua kompyuta, anakuta kisanduku cheupe. Mara sauti inasikika upande wa mwajiri: "Kumbukumbu zimepotea, tuahirishe."

Tusikubali kuahirisha kabla ya kutazama.

Ofisi nyingi za viwanda, mashamba na vyama hutunza orodha zao katika programu iitwayo Microsoft Access. Namba zimo katika majedwali. Lakini chati za zamani hazichorwi na Access yenyewe. Huchorwa na msaidizi wake, Microsoft Graph. Msaidizi huyo akiharibika, au asipowekwa kompyuta inapobadilishwa, picha haitokei, na namba zimekaa palepale. Toleo la mwaka 2019 lilileta chati za aina mpya zisizomhitaji, ila zile za zamani hazijigeuzi zenyewe.

Kwa hiyo, nakili faili kwanza, ufanye kazi kwenye nakala. Fungua jedwali la mishahara. Mistari ipo? Basi fungua ulizo linaloichotea chati takwimu zake. Likileta mistari, namba ni nzima na mgonjwa ni mchoraji. Fundi aikarabati Office, au achore chati mpya kwa ulizo lilelile. Lisipoleta kitu, tazama tarehe: mara nyingi mtu aliandika mwaka fulani ndani yake na mwaka huo umekwisha pita. Pengine jedwali limeunganishwa na faili nyingine iliyohamishwa, na yatosha kuliunganisha upya. Na ukiona ukanda wa onyo juu ya kioo, jua kuwa programu imezuia baadhi ya kazi za faili mpaka mtu aliyeiamini airuhusu.

Jambo moja huwatisha watu bure. Chati ya zamani ikifunguliwa kwa kurekebishwa, yaweza kuonyesha Mashariki, Magharibi na Kaskazini kwa Kiingereza, na namba zisizo zetu. Hiyo ni mifano ya programu yenyewe. Hakuna aliyeghushi, lakini isichapwe ikaletwa mezani.

Mafundi tunao. Kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na humo vijana wakimbizi wamejifunza kutunga programu za kompyuta. Mzee arudiye kutoka ganyu mashambani huenda hajagusa mashine hizo, lakini jirani yake anazijua. Kwa tawi la mjini Lilongwe, tuseme Area 47, Dzaleka si mbali. Ni kama kilomita 45 kutoka mjini.

Ila faili lisipelekwe na majina. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka. Orodha inayosema nani alifanya kazi wapi na analala wapi yaweza kumtia mwenzetu mashakani. Fundi apewe nakala yenye namba za wafanyakazi peke yake. Karani abaki na orodha ya majina chini ya ufunguo.

Na kama muda hautoshi, chapeni jedwali lenyewe, mchukue karatasi ya mirabaraba na rula. Miezi kumi na miwili ya ujira na makato huchorwa kwa mkono kabla chai haijapoa, na mwajiri hana la kusema juu ya kompyuta.