Gari Linalovuma na Tairi Linaloliwa Upande

Huenda nawe umewahi kusafiri na jamaa yako ndani ya gari ambalo, likishafika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Walioketi nyuma hulazimika kupaza sauti ili wasikike, na dereva naye huongeza sauti ya redio. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza tunayoikimbilia wengi wetu, nayo haitibu kitu.

Mwandishi wa makala haya aliitumia dawa hiyo kwa miezi mingi. Gari lenyewe lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo mengi ya magari ya familia hapa kwetu. Fundi wa kwanza alilisikiliza, akatikisa kichwa, akakata shauri kwamba beringi za mbele zimekufa. Zikanunuliwa mbili, kwa fedha iliyokuwa imetengwa kwa sare na madaftari ya watoto. Vumo likabaki palepale. Ndipo mzee mmoja jirani, aliyepata kuendesha malori maisha yake yote, alipoliomba gari alitazame. Hakushika spana wala jeki. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma kwa kulifuata mzunguko wake, kisha akakirudisha.

"Hebu nawe papasa, mwanangu," akasema.

Kwenda, kiganja kiliteleza. Kurudi, kilikwama kama juu ya meno ya msumeno. Beringi zilizotupwa zilikuwa nzima.

Yafaa ieleweke kwamba kila tairi hugusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Gari zima, pamoja na watoto waliomo, husimama juu ya viganja vinne hivyo. Kashata za tairi, yaani yale meno yake, huigonga lami moja baada ya nyingine, na watengenezaji huzikata kwa ukubwa unaotofautiana kidogo kwa makusudi, ili sauti zake zisikusanyike zikawa mlio mmoja. Kashata zikiliwa kwa mshazari, kila moja huipiga barabara kama mchi, na vumo huzaliwa.

Basi utajuaje kama ni tairi au ni beringi? Sikiliza barabara inapobadilika. Ukitoka kwenye lami ya kokoto kubwa ukaingia kwenye lami laini, sauti ya tairi hubadilika mara moja. Ya beringi haijali. Kinyume chake, ukipinda taratibu kuelekea kushoto, mahali pasipo na magari mengine, uzito huegemea kulia. Vumo likizidi hapo, lishuku beringi la upande wa kulia. Aidha, waweza kumwomba fundi ahamishie mbele magurudumu ya nyuma. Kelele ikihama pamoja nayo, umekwisha kupata jibu kabla ya kununua chochote.

Tairi lenyewe nalo husema lilivyotendewa. Likiliwa kingo zote mbili, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Likiliwa katikati, upepo umezidi. Likiwa na mabonde mabonde, tazama shokapu, au gurudumu halijafanyiwa balansi. Likiliwa ukingo mmoja tu, magurudumu hayakusimama au hayakuelekea sawasawa.

Juu ya hili la mwisho nawaomba wasomaji tufanye hesabu kidogo. Chukua magurudumu ya mbele yenye kipenyo cha milimita 600 hivi, ambayo nafasi kati yake kwa mbele imepungua kwa milimita 3 kuliko kwa nyuma. Kosa hilo halionekani kwa macho. Hata hivyo, kwa kila kilomita moja ya safari kila tairi huburutwa upande kiasi cha meta mbili na nusu. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ya kilomita zipatazo 450, tairi hilo limekwaruzwa kiubavu zaidi ya kilomita nzima. Lisiishe kwa nini? Lakini usimruhusu fundi akupimie alaimenti kabla hajakagua bushi, boljointi na ncha za usukani. Zikiwa zimelegea, kipimo cha leo asubuhi hakitafika jioni.

Ama kuhusu upepo, jambo hili ni rahisi mno hata huonewa aibu. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukiona 220, hizo ni kilopaskali, sawa na paundi 32 hivi. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, na utumie geji. Wako wanaopima kwa kulipiga teke. Hao wamuulize mguu wao umeandikwa namba gani.

Magurudumu yabadilishwe nafasi, ya mbele na ya nyuma, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Matairi yenye mshale ubavuni yasivushwe kutoka kushoto kwenda kulia. Nawe unaponunua matairi yaliyokwisha kutumika, soma tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Jihadhari pia na yale ya majira ya theluji kutoka Japani. Mpira wake ni laini, na joto letu hulimaliza upesi.

Sitakudanganya kwamba tairi lililokwisha kuliwa msumeno litanyamaza siku ya pili baada ya matengenezo. La kwetu halikunyamaza. Tulinunua mawili mapya, tukayafunga nyuma, ili gari lisiteleze mkia wakati wa mvua.

Mazulia mazito na sponji vije mwisho kabisa, maana huficha kelele pasipo kugusa chanzo chake. Hata hivyo kagua mipira ya milango: funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute. Kikitoka bila kubanwa, mpira umechoka na upepo unapita hapo. Kipande cha gazeti hili kitafaa, ukishalisoma.