Kuwasha LED kwa Lango la Mantiki la Familia ya 74LS

Lango la mantiki la familia ya 74LS, linaloendeshwa kwa volti 5, halitoi na kupokea mkondo kwa kiwango kimoja. Pini yake ya kutolea ikiwa katika hali ya 1, hukadiriwa kutoa miliampea 0.4 tu, ikiwa katika hali ya 0, hupokea hadi miliampea 8. Kwa hiyo LED, pamoja na rezista yake, huunganishwa kati ya upande chanya wa ugavi na pini hiyo, nayo huwaka pini inapokuwa 0.

Thamani ya rezista hukokotolewa kwa kutoa, katika volti 5, volti 1.8 za LED nyekundu na 0.5 za lango. Volti 2.7 zinazobaki, zikigawanywa kwa ampea 0.008, huleta omu 338 hivi. Rezista ya omu 390 hutosha, kwani hupitisha karibu miliampea 7.

LED ikiunganishwa moja kwa moja kati ya pini na ardhi, huwaka, lakini huishusha volteji ya pini hadi karibu volti 1.8. Lango linalofuata huhitaji angalau volti 2 ili lisome 1 kwa uhakika. Hivyo taa huashiria 1 ambayo huenda sakiti yenyewe isiitambue.