MUPIRA UNASEMA: TUUSOME MBELE YA KUSHITAKI MTU



Munajua habari ya kamionete ya masomo yetu. Mwezi wa kwanza ilitiwa mipira miwili mipya mbele, kwa feza ya wazazi. Mbele ya Pasaka mipira ile ilikuwa imekwisha, hata nyuzi za chuma za ndani zilionekana. Maneno yakaanza kuzunguka: "Papa shofere aliuzisha mipya, akatia ya zamani." Sisi pia tulisema vile, hatuwezi kuficha.

Kiisha mwalimu wetu wa fizika akatuuliza: "Muliangalia mupira wenyewe?" Hapana, hatukuangalia. Basi siku ya posho tukaenda, sisi wafinalisti wanne, tukamuomba Papa shofere atuonyeshe. Hakukasirika. Akasema: "Batoto, mupira hauna kinywa lakini unasema. Kila ugonjwa unakula pahali pake." Haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Katikati imekwisha, pande mbili zingali nzima: upepo umezidi. Mupira umevimba, unakanyaga kwa tumbo tu.

2. Pande mbili zimekwisha, katikati ingali nzima: upepo ni kidogo, ao mizigo imepita kiasi. Hii ni hatari sana, maana mupira unakunjana, unapata moto, unaweza kupasuka njiani.

3. Mashimo madogo huku na huku: mara nyingi amortisere zimechoka, gurudumu linarukaruka.

4. Pahali pamoja tu pamekuwa bapa: freni ilikamata kwa nguvu, gurudumu likaburutwa bila kuzunguka.

5. Upande mmoja tu umekwisha: magurudumu hayasimami sawa. Kama nyuzi hazijatoka, pitisha mkono juu ya meno ya mupira, kwenda na kurudi. Kwenda ni laini, kurudi kunakwaruza sawa musumeno? Basi paralelismu imeharibika.

Na mipira yetu je? Yote miwili ilikuliwa upande wa ndani. Upande wa nje meno yalikuwa marefu, sawa ya mupira mupya. Tena ubavuni mwa mupira kunaandikwa tarakimu 4: mbili za juma, mbili za mwaka ulipotengenezwa. Tulisoma: ilitengenezwa mwaka uliopita. Haikuwa ya zamani hata kidogo!

Kiisha tulipima kwa kamba nafasi kati ya magurudumu mawili ya mbele. Upande wa mbele nafasi ilipita ya nyuma kwa karibu sentimita 1. Magurudumu yalitazama inje, sawa miguu ya bata. Kila kilometa mipira ilikuwa inakwaruzwa kwa barabara. Ndipo Papa shofere akakumbuka: mwezi ule ule wa kwanza garaji moja ilibadilisha rotuli ya diresio, lakini haikupima paralelismu. Yeye mwenyewe aliomba, wakamwambia haina lazima.

Kwa hiyo, wenye gari nyumbani, waambieni wazazi: wakibadilisha rotuli, paralelismu ipimwe siku ile ile. Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa halijatembea, maana joto linapandisha kipimo. Kipimo cha haki mara nyingi kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa shofere. Kila kilometa 10 000 hivi, mipira ya mbele iende nyuma, na ya nyuma ije mbele. Meno yakifika milimita 1,6, mupira umekwisha. Inchi nyingi zinaukataza kwa sheria, kwani wakati wa mvua unateleza juu ya maji.

Tulimpelekea Bwana Prefe mupira na kamba, akaona kwa macho yake. Kamionete imekwisha kupimwa. Lakini Papa shofere alipita majuma mawili akisikia watoto wanamwita mwizi nyuma ya mgongo. Mezali 18:13 inatukanya juu ya kujibu mbele ya kusikia. Sisi tulihukumu hata mbele ya kuangalia. Papa, tulikuomba msamaha kwa kinywa, leo tunauomba kwa maandiko, ili wote waliosikia uongo wasikie na kweli.

Kapita wa wanafunzi,
kwa jina la wafinalisti