Miti ya Turathi Jijini: Funzo la Mugumo wa Barabara ya Waiyaki

Wahenga walinena kuwa mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini miti mikongwe ya mjini ni turathi, yapi yanayoihatarisha, na vipi inavyoweza kuhifadhiwa.

Mti wa turathi ni ule ambao thamani yake inazidi ya mbao na kuni. Hupata hadhi hiyo kutokana na umri, ukubwa, uhaba wake, au kumbukumbu za watu zilizofungamana nao. Mibuyu iliyo kando ya bahari katika eneo la Mama Ngina, Mombasa, ni mfano mmojawapo. Mfano mwingine ni mugumo ulio kando ya Barabara ya Waiyaki, Nairobi. Kwa Wakikuyu, mugumo ulikuwa mahali pa sala na kafara, na kuukata kulikuwa mwiko. Aidha, tini zake hulisha ndege, nao ndege husambaza mbegu zake.

Mwaka 2020, mugumo huo ulikabiliwa na hatari ya kung'olewa ili kupisha ujenzi wa barabara ya Nairobi Expressway. Watetezi wa mazingira walipinga, na mnamo Novemba mwaka huo ikatolewa amri ya rais kwamba mti huo usalie. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022 bila mugumo kukatwa. Hata hivyo, miti mingine mingi iliyokuwa kwenye njia hiyo ilikatwa. Ni bayana kuwa uhifadhi unaosubiri amri ya dharura huokoa mmoja na kupoteza wengi.

Ikumbukwe pia kwamba shoka si adui pekee. Mizizi mingi ya mti huwa karibu na uso wa ardhi, nayo huenea kupita kivuli cha matawi. Mtaro ukichimbwa hapo, au lami ikimwagwa hadi shinani, mizizi hukatika au hukosa hewa na maji. Mti huweza kunyauka miaka kadhaa baadaye, mkandarasi akiwa ameshaondoka.

Jiji la Singapore, ambalo pia liko katika ukanda wa tropiki, lilianzisha mpango wa miti ya turathi mwaka 2001. Miti huteuliwa, hukaguliwa na wataalamu, huandikwa katika orodha rasmi na kuwekewa vibao vya maelezo. Baadhi hufungiwa vifaa vya kukinga radi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 69, inaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Lakini asilimia haitofautishi mche wa jana na mugumo wa karne. Kwa hivyo, miji yetu inahitaji orodha ya miti mikongwe kabla ramani za barabara hazijachorwa. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kukusanya majina na masimulizi ya miti hiyo, kwani kisicho na jina ni rahisi kukatwa.