Kina cha Maji, Kipimo cha Pumzi

Mvuvi wa Kojani, Pemba, anayezamia kufukuza samaki waingie wavuni hahitaji kitabu kumwambia kwamba maji yana uzito. Akishuka pima moja, masikio yanamjuza. Akizidi kushuka, kifua kinambana. Kila mita 10 za kina humwongezea mgandamizo ulio sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa watu waliozoea kwenda dago, yaani kambi za uvuvi, Tanga, Mafia na mpaka pwani ya Kenya, hayo ni mambo ya kazini. Je, wajua kwamba nguvu hiyohiyo ya maji, kwa kina cha vidole vitatu tu, humwokoa mtoto njiti anayeshindwa kupumua?

Kifaa chenyewe wauguzi wanakiita CPAP. Mipira miwili mifupi, laini, hukaa kwenye tundu za pua ya mtoto. Upande mmoja unaingia mkondo wa hewa iliyochanganywa na oksijeni, ikiwa na joto na unyevu. Upande wa pili unatoka mpira mrefu ambao ncha yake imetumbukizwa ndani ya chupa ya maji. Basi. Hakuna bomba linaloshushwa kooni, wala mashine inayomsukumia mtoto pumzi. Anapumua mwenyewe. Lakini hewa haiwezi kutoka mpaka iyashinde maji ya chupani, kwa hiyo ncha ikizama sentimita 5, mapafu ya mtoto nayo hubaki yametunishwa kwa mgandamizo wa sentimita 5 za maji. Ukitaka 6, unaishusha kidogo. Rula inatosha kuwa kipimo.

Kwa nini mtoto ahitaji kutunishwa? Chukua mfuko wa nailoni uliolowa ndani, uubane, kisha jaribu kuupuliza. Kuta zimegandana, na pumzi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Vifuko vya hewa vya mapafu vimelowa hivyohivyo. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na utelezi uitwao surfaktanti, unaofanya kazi kama sabuni: huvunja ule mvuto wa maji, kuta zisigandane. Mary Ellen Avery, daktari wa Marekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1959 kwamba njiti wanaokufa kwa kukosa pumzi wamepungukiwa na kitu hicho. Kila wakitoa pumzi vifuko vinafumba, na kila wakivuta wanaanza upya, kama mtu anayepuliza puto jipya mara 60 kwa dakika. Nguvu zinawaishia.

Mtoto mwenyewe hujaribu kujitetea. Mama wengi wameisikia sauti ile: mtoto anaguna kila akitoa pumzi, mbavu zinabonyea, tundu za pua zinatanuka. Kule kuguna ni kukibana kilango cha koo ili hewa isitoke yote na vifuko visifumbe. Ni kiumbe wa kilo moja na nusu, ana saa mbili duniani, na tayari anajitengenezea CPAP yake. Chupa ya maji inampokea kazi hiyo. Mimi nikilifikiria hili, sioni ajabu kubwa zaidi katika tiba ya watoto.

Ugonjwa huu haukuwa wa maskini peke yao. Agosti 1963 ulimuua Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy, siku mbili baada ya kuzaliwa wiki tano na ushei kabla ya wakati. Miaka minane baadaye, 1971, George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha habari za watoto 20 waliosaidiwa kwa mgandamizo wa kudumu, 16 walipona. Karibu nasi zaidi, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walishirikiana na madaktari wa Malawi kuunda kifaa cha bei nafuu, wakakiita Pumani, yaani "pumueni" kwa Kichewa, neno ambalo Mswahili hulitambua upesi katika pumzi na pumziko. Katika hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha kuwa kati ya watoto waliotibiwa kwa CPAP walipona 71 kwa kila 100. Waliopewa oksijeni peke yake, 44.

Tofauti na mtungi wa oksijeni, chupa hii huzungumza. Ikibubujika, mambo yako sawa. Ikinyamaza, hewa inavuja mahali: pengine mpira umechomoka puani, pengine mtoto ameachama. Muuguzi aliyempa mgongo akimhudumia mwingine hugeuka kwa kuusikia ukimya tu. Lakini mtu lazima awepo wa kugeuka. Mipira ikikaza huchubua pua changa, hewa hujaa tumboni, na oksijeni ikizidi huharibu macho ya njiti.

Kojani ni kisiwa, na hospitali ya Wete iko ng'ambo. Mkono wa bahari unaotenganisha Kojani na Pemba ni mwembamba, lakini usiku wa kusi kwa mama aliyejifungua kabla ya siku zake ni mpana. Ndani ya chombo cha kumvusha, tiba iliyopo ni kifua cha mama: mtoto avishwe kofia, awekwe ngozi kwa ngozi, kanga zifunike juu, kwa sababu baridi humwongezea haja ya oksijeni. Na ng'ambo lazima umeme uwepo. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani haiwezi kungoja mafuta.

Mtoto akipata nguvu, mapafu yake huanza kujitengenezea utelezi wake. Muuguzi huipandisha ile ncha, sentimita moja, kisha huangalia. Sentimita nyingine, kisha huangalia, polepole kama mzamiaji anayerudi juu. Halafu mipira huvuliwa puani. Chupa hunyamaza, na safari hii hakuna anayegeuka kwa hofu.